Kana ni Ipi? Neno kwa Wanandoa Wanaotamani Kuhiji



Wengi wenu mkitimiza miaka 25 ya ndoa mnatamani kwenda Nchi Takatifu, mpige magoti Kana ya Galilaya na kurudia ahadi zenu. Hiyo ni tamaa njema. Lakini mara nyingine huleta ugomvi nyumbani. Baba amesikia kwamba Kana wanayoonyeshwa mahujaji huenda siyo yenyewe, na anauliza kwa nini akiba ya watoto itumike kwa mahali pasipo hakika. Mama naye anamwona mumewe kuwa mtu asiye na imani.

Tuanze na ukweli, kwa maana imani haiuogopi ukweli. Mahujaji wengi leo hupelekwa Kafr Kanna, mji ulio kilomita chache kutoka Nazareti. Hapo Wafransisko walijenga kanisa la arusi mwishoni mwa karne ya 19. Lakini wataalamu wengi wa mambo ya kale hupendelea Khirbet Qana, magofu yaliyo kilimani, kaskazini zaidi ya Nazareti. Huko limefukuliwa pango ambamo Wakristu wa kale walisali. Mna misalaba iliyochorwa ukutani, altare, na mahali pa mitungi sita ya mawe. Hata Lebanoni kuna kijiji kinachodai kuwa ndicho Kana.

Basi, je, baba ameshinda? Hapana. Kanisa halimlazimishi mtu kusadiki kwamba kijiji hiki ndicho na kile sicho. Linalotufundisha ni kwamba Yesu alihudhuria arusi kweli, nyumbani mwa watu kweli. Injili ya Yohane inataja mitungi ya mawe kwa sababu Wayahudi waliamini kuwa chombo cha jiwe hakitiwi unajisi kama cha udongo. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba huko Reina, karibu na Nazareti, wamefukua pango lililochongwa vyombo hivyo zama za Warumi. Hii si hadithi ya kubuni.

Je, mama ameshinda? Naye asikilize. Neema ya ndoa haitoki katika udongo wa Galilaya. Katekisimu, namba 1613, inafundisha kwamba kuwapo kwa Yesu arusini Kana ni thibitisho kuwa ndoa ni njema, na kwamba tangu hapo ndoa ni ishara ya kuwapo kwake Kristu. Kwa hiyo ishara hiyo ni ninyi wawili, hapo mlipo.

Pia wako wanaoishi pamoja kwa mila tu, na hudhani wakirudia ahadi Kana mambo yamekwisha. Ndugu zangu, kurudia ahadi si kufunga ndoa. Cheti wanachopewa mahujaji ni cha ukumbusho tu. Nendeni kwanza kwa paroko wenu, mfunge ndoa mbele ya Kanisa na mashahidi wawili. Nauli yake ni ndogo.

Yapata mwaka 570 hujaji mmoja kutoka Piacenza, Italia, alifika Kana. Alikuta mitungi miwili, akajaza mmoja, na pale aliandika majina ya wazazi wake. Hadi leo wataalamu wanabishana alisimama Kana ipi. Lakini hakuna anayeshuku kwamba aliwakumbuka waliomzaa. Wazazi, je, watoto wenu watatamani kuandika majina yenu mahali pa sala?

Basi fanyeni hivi. Ketini pamoja mhesabu fedha. Kama karo imelipwa na hakuna deni, nendeni kwa moyo mweupe. Kama sivyo, bakini bila kinyongo. Jioni salini Rozari, hasa tendo la pili la mwanga, ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alituwekea mwaka 2002 kukumbuka arusi ya Kana. Kisha kila mmoja amwambie mwenzake bila kulaumu ni divai gani imepungua nyumbani: mazungumzo, uaminifu, au heshima. Mama Maria hakuficha upungufu, wala hakumwaibisha mwenye arusi. Alimwendea Mwanawe. Nao watumishi walijaza maji mpaka juu, kazi ya kawaida kabisa, na Bwana akafanya iliyobaki.

Mungu azibariki nyumba zenu.