Goblini Ndani, Joka Nje

Hivi, ndugu msomaji, kumchagua wa kwako na kumwacha aliye bora ni uaminifu au ni dhuluma? Wengi hulijibu swali hili haraka, tena kwa sauti kubwa. Mimi nimelikuta mahali ambapo sikulitarajia: kwenye mchezo wa karata.

Sisemi zile karata zetu za kijiweni. Pale jozi ni moja kwa wote. Tunachanga, tunakata, tunagawa. Ukipata turufu, bahati yako. Ukipata magarasa, hakuna wa kukulaumu. Lakini upo mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na kutolewa mwaka 1993. Binamu yangu anayeishi huko alikuja nao likizo, akanifundisha. Humo kila mchezaji anajitengenezea jozi yake, akichagua katika maelfu ya karata zenye picha za wachawi, mazimwi na majeshi. Kwa kanuni ya kawaida jozi isipungue karata 60, na karata za jina moja zisizidi 4, isipokuwa zile za ardhi za msingi, ambazo hutoa nguvu ya kulipia nyingine. Basi ukikuta garasa mkononi, usiseme bahati. Umeliweka mwenyewe!

Wapo wanaojenga jozi ili washinde tu. Wapo pia wanaoijenga kwa dhamira. Tuseme umeamua yako iwe ya goblini, vile vijitu vikorofi vya hadithi za Ulaya. Unaweka milima 24, zinabaki nafasi 36: aina 9, kila aina karata 4. Goblini peke yake ni dhaifu, wengi wana nguvu 1 au 2 tu. Lakini yupo Goblin King, mfalme wao, ambaye akiwa mezani kila goblini mwingine huongezewa nguvu 1 na uhai 1. Umoja ni nguvu, naam.

Sasa linakuja jaribu. Kuna Shivan Dragon, joka lenye nguvu 5 na uhai 5, tena linaruka. Ni jekundu kama goblini, na milima ile ile inalilipia. Kanuni hazikukatazi. Anayekukataza ni wewe uliyesema, "Hii ni jozi ya goblini." Unaliacha joka nje, unaingia vitani na vijitu vyako, na pengine unapigwa.

Je, huo ni ujinga? La hasha! Ahadi ni deni, hata ile uliyojiwekea bila shahidi. Mimi ninayejifunza kuandika riwaya naijua kazi hiyo: sura tamu isiyo ya hadithi yako lazima itoke, hata kama uliikeshea.

Ila hapo hapo pana mtego. Kwa miaka mingi wachezaji wanaotumia Kiingereza waliziita jozi za namna hii kwa neno lenye maana ya "za kikabila". Neno hilo lilinishtua. Nami nina cheti changu cha kidato cha nne, nimepanda ngazi za ofisi si haba, na kuna mahali niliulizwa jina la ukoo kabla bahasha haijafunguliwa. Yule bwana naye, ukimuuliza, atakwambia ana dhamira yake: wa kwetu kwanza. Damu nzito kuliko maji, eti.

Tofauti iko wapi basi? Mimi nasema iko kwenye swali moja: gharama analipa nani? Nikiliacha joka nje, joka halilali njaa. Ni karatasi tu ndani ya boksi. Anayepoteza ni mimi, na nilijua. Yule bwana akimwacha mwenye uwezo, yeye hapotezi kitu, mshahara wake uko pale pale. Anayelipa ni kijana anayerudi nyumbani kwa miguu, na mwananchi atakayehudumiwa ovyo. Tena jozi ni yangu. Ofisi si yake.

Kwa hiyo uaminifu kwa walio wako ni sifa njema pale unapoulipia kwa mfuko wako. Ukiulipia kwa mfuko wa mwenzio, huo ni wizi uliopewa jina zuri. Na wewe msomaji, kabla hujasema "wa kwetu kwanza", jiulize: hela ni za nani?