Kumwacha Huru Mtu Si Mwisho wa Haki Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Himidi zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu wote kwa nafsi moja. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake, na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, mwenye akili huonyeka kwa yaliyowapata wengine. Basi natuitazame khabari ya Marekani, nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe tangu mwaka 1861 hata 1865 kwa sababu ya utumwa. Vita vilipokwisha, watu wapata milioni 4 walikuwa wametoka katika utumwa. Na katika waliotiwa utumwani huko walikuwamo Waislamu. Mmoja wao ni Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, aliyefikishwa Charleston mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika khabari za maisha yake kwa Kiarabu, akazitanguliza kwa Sura ya Mulk, sura ikumbushayo ya kuwa mwenye milki hasa ni Mungu. Akafa yu mtumwa, vita havijesha.

Baada ya vita dola ile ilizitengeneza sharia zake upya. Mwaka 1865 utumwa ulikatazwa. Mwaka 1868 kila mzaliwa wa nchi alifanywa raia, alindwe na sharia sawasawa na mwenziwe. Na mwaka 1870 ilikatazwa raia kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake au utumwa wake wa zamani. Skuli zikafunguliwa, wazee wakaketi pamoja na wajukuu wao kujifunza herufi. Mwaka huo huo wa 1870 Hiram Revels, mtu mweusi wa Mississippi, akaingia katika Senati, baraza kuu la dola.

Lakini ardhi je? Januari 1865 Jemadari Sherman aliamuru kila jamaa ya waliokombolewa wapewe hata ekari 40 katika mashamba ya pwani ya kusini. Kabla mwaka haujesha, Rais Andrew Johnson akaamuru mashamba yarudishwe kwa wenyewe wa kwanza. Basi aliyekombolewa akalima shamba la bwana wake wa jana, kwa fungu la mavuno na deni lisilokwisha. Tena tangu 1866 likazuka kundi la Ku Klux Klan, likiwapiga na kuwaua waliothubutu kutaka haki zao. Mwaka 1877 askari waliozilinda serikali za mwisho zilizosimamia haki hizo kusini wakaondolewa, baada ya mapatano ya wakubwa waliogombea urais. Na mwaka 1890 Mississippi ikaweka kodi na mtihani wa kusoma, ili mtu mweusi asipige kura. Sharia ilikuwa ingali kitabuni, wala wino wake haukufutika. Waliokosekana ni watimizaji. Ikapita miaka 95 tangu ahadi ya kura, hata mwaka 1965, ndipo ilipotolewa sharia ya kuilinda kwa nguvu.

Ndugu zangu, ibra i hapo. Dini yetu haikuridhika na neno la kuacha huru peke yake. Katika Sura ya Nur twaamrishwa kuandikiana na mtumwa atakaye kujikomboa, kisha apewe katika mali ya Mungu. Na katika Sura ya Tawba limetengwa fungu la zaka kwa ukombozi. Maana yake, mtu asitolewe kifungoni akatupwa njiani mikono mitupu.

Sasa natujitazame wenyewe. Utumwa ulikatazwa Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Unguja waliolipwa fidia ni mabwana. Mwenye kutoka jasho hakulipwa. Na tangu hapo ni watu wangapi waliosali safu moja, kisha ilipoletwa posa, wakaulizana babu wa kijana alikuwa wa nani?

Atasema msemaji: hayo ni mambo ya kufu. Twamjibu: Mtume alimwoza Zaynab, binti wa shangazi lake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa. Kisha akamfanya Usama, mwana wa Zayd, amiri wa jeshi lenye masahaba wakubwa. Na walionung'unika akawakemea. Je, sisi tu waungwana kuliko nyumba ya Mtume?

Basi yatupasa haya: aliyelima na kukaa katika shamba miaka na miaka asifukuzwe kama mgeni, mtoto wa maskini asomeshwe kwa zaka zetu, na neno la kuwatukana watu kwa asili zao likome barazani na majumbani mwetu. Uungwana ni vitendo, na haki isiyotimizwa ni deni litakaloulizwa Siku ya Kiyama.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Amin.