Aliombewa, Hakuulizwa



Somo letu mwezi huu ni Luka 15:11-32.

Iko filamu ya Kenya iitwayo "Rafiki", iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Mwezi Aprili 2018 ilipigwa marufuku nchini mwake. Mwezi Mei ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, nayo ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha lile. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu nyumbani kwa siku saba tu, na watu wakajaa kuitazama. Inasimulia wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, waliopendana jinsi mume na mke wapendanavyo.

Msidhani tunaandika haya ili kugeuza mafundisho. Maaskofu waliokutana Lambeth mwaka 1998 walisema wazi kwamba ndoa ni ya mume na mke, na Kanisa letu la Tanzania linafundisha hivyo. Lakini azimio lile lile liliagiza pia kuwasikiliza watu wenye hali hiyo, na likalaani woga usio na msingi juu yao. Agizo la kwanza tumelishika kwa mikono miwili. Je, hili la pili?

Katika filamu hiyo kanisa lipo, na mama yake Kena ni mtu wa sala. Umbea wa kibandani unaleta kundi la watu, nao wanawapiga wasichana wale. Baadaye Kena anapelekwa kanisani atolewe pepo. Anawekewa mikono, sauti zinapazwa. Lakini angalieni, ndugu: anaombewa, haulizwi. Hakuna anayempa kiti na kumwambia, "Mwanangu, una nini moyoni?"

Bwana wetu hakufanya hivyo. Kila mtu Yeriko aliona kuwa Bartimayo ni kipofu, hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Na yule mwanamke Msamaria alizungumza naye kisimani, tena kwa muda mrefu, hata wanafunzi wakastaajabu.

Hapa kwetu Masama mnajua mwezi Desemba ulivyo. Watoto wetu wanapanda mlima kutoka Dar es Salaam, Arusha na mbali zaidi. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbuzi wanachinjwa. Lakini katika baadhi ya vihamba yuko mmoja asiyerudi. Mama yake akiulizwa hujibu, "Kazi ni nyingi." Nasi tunaitikia kwa kichwa, ingawa tunajua si kazi. Wako waliokimbia maneno yetu: ya sokoni, ya kilabuni, na, tukiri, ya mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Sisi tunaoandika tumesikia jina la kijana likitajwa hivyo, tukanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kumwokotea mwenzetu jiwe la kurusha.

Baba yake Kena alikuwa akigombea uchaguzi. Alijua kwamba angepoteza kura, lakini hakukubali mwanawe abebeshwe lawama. Baba wa somo letu naye alimwona mwanawe angali mbali, akapiga mbio, akamkumbatia kabla kijana hajafungua kinywa. Toba ilisemwa mikononi mwa baba, wala si nje ya mlango.

Basi, ndugu, tufanye mambo matatu. Kabla ya kumwombea mtu, tumwulize na tumsikilize. Umbea ukianza mbele yetu, tuukatize. Na watu wakikusanyika ili wampige mtu, wazee wa kanisa wawe wa kwanza kusimama mlangoni pake.

Ziki alipelekwa London, na mwishoni mwa filamu tunasikia kwamba amerudi. Wa kwetu je, watarudi? Mwandikieni barua yule asiyekuja, au mpigieni simu, kabla ya Krismasi. Msianze na hukumu. Anzeni na jina lake.

Bwana aliyetuita rafiki zake tungali hatustahili atupe moyo huo. Amina.