Waya wa Dishi Haukuwa Mtupu

Nyumba yetu ya Goba ni ya ghorofa, na sakafu ya juu ni zege. Ruta iko chini. Binti yangu wa kidato cha tano anasomea juu. Nilinunua visanduku vya Wi-Fi vya kupokezana, kimoja nikakiweka chini, kingine chumbani kwake. Zege likameza mawimbi, na video zake za masomo zikawa zinazunguka tu.

Shemeji yangu anayeishi Marekani akaniambia huko watu hutumia waya wa televisheni uliokwishapita ukutani: adapta ya MoCA huku, nyingine kule, visanduku vinaongea kwa waya. Alipokuja likizo akaniletea mbili. Waya ninao, nikawaza. Fundi aliyefunga dishi alitandaza RG-6 hadi kila chumba. Nikachomeka Jumamosi jioni. Taa zikawaka, binti akashangilia.

Saa mbili usiku, mama yangu aliyetutembelea kutoka Tanga akaniita sebuleni.

"Mwanangu, mbona mtangazaji anakatika vipandevipande?"

Nikalaumu king'amuzi. Nikaazima cha jirani, hali ileile. Nikapanda juu ya bati na spana, nikazungusha dishi, na hata chaneli chache zilizobaki zikapotea. Siku tatu mama alikaa bila taarifa ya habari wala hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi alipofika alimwamkia mama, akainama nyuma ya televisheni.

"Kaka, hili dude ulilichomeka lini?"

"Jumamosi."

"Na chaneli zilianza kukatika lini?"

Nikanyamaza.

Akanieleza taratibu. Kwenye nyumba za Marekani zenye televisheni ya kebo, chaneli hupita chini ya megahezi 1002 hivi, na MoCA huongea juu yake, kati ya 1125 na 1675. Hawagombani. Waya wa dishi ni habari nyingine: LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, huteremsha mawimbi ya setilaiti kwenye megahezi 950 hadi 2150. Adapta zangu zilikuwa zinapiga kelele katikati ya chaneli za mama. Tena king'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya huohuo kulisha LNB, na adapta haipaswi kukaa kwenye njia ya umeme huo.

Tukapanda darini na tochi. Akafungua konekta moja ya splita inayogawa waya wa dishi kwenda vyumbani, akanisogezea karibu na macho: uzi mmoja wa ule wavu wa nje, mwembamba kama unywele, ulikuwa umejikunja ukagusa shaba ya katikati. "Huu peke yake unaua laini." Akaukata kwa kisu.

Kisha akachomoa kwenye splita kebo mbili, ya chumba cha binti na ya chumba cha wageni kilicho chini, kisicho na televisheni. Akaziunga kwa jointi ziwe waya mmoja usiogusana na dishi popote. Matundu yaliyobaki wazi akayaziba kwa vifuniko vya omu 75. Ruta tukaihamishia chumba cha wageni, adapta moja pembeni yake, nyingine juu. Akapanda batini na mita yake kurudisha dishi nilikolitoa.

Kabla ya kushuka darini mara ya mwisho aliomba tepu nyeupe na kalamu. Akaizungushia ile jointi, akaandika kwa herufi kubwa: INTANETI, SI DISHI. "Ni kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu," akasema.