Mpiga ngoma aliye mkubwa ni nani?

Wapenda muziki wa roki hawachoki kubishana: nani ampita mwenzake kwa kupiga ngoma? Wengi hutaja Waingereza wawili, John Bonham wa Led Zeppelin na Keith Moon wa The Who. Ustadi wao hatuukatai. Bonham alipokufa, wenzake waliona hawawezi kuendelea bila yeye, na kikundi kikavunjika mwaka ule ule wa 1980.

Lakini tusikilize vema namna wanavyosifiwa. Ulevi wao na fujo zao huhesabiwa pamoja na kipaji, kana kwamba vyote vyatoka kisima kimoja. Moon alikufa 1978, Bonham 1980, kila mmoja akiwa na miaka 32. Je, pombe ilimwongezea Bonham hata pigo moja? Ilimnyang'anya yote ambayo angalipiga.

Wako pia wanaomtaja Ringo Starr wa The Beatles, na wenzao huwacheka, maana Ringo hakupenda kujionyesha. Sisi hatusemi ampita Bonham kwa nguvu, hampiti. Naye alikuwa mlevi. Aliacha mwaka 1988, na alipokwisha kupita miaka 80 alikuwa angali akipiga mbele ya watu.