Macho Mekundu

Katika vijiji vya Magu na Kwimba kuni ni haba, kwa hiyo bibi anapikia mabua, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Jiko ni mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Ukikaa na moshi huo miaka arobaini, macho yatakuwa mekundu. Kisha mtoto wa jirani anafariki, watu wanakwenda kwa mganga, na macho yaleyale yanageuka ushahidi. Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa ushahidi wa namna hiyo, hasa wanawake.

Tumezoea kuwatetea kwa hoja ya deni: ametulea, na moshi ule ulikuwa wa ugali wetu. Ni hoja nzuri. Lakini bibi ambaye hakuzaa anamdai nani? Huyo ndiye anayelala peke yake, na ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Hoja ya deni inamtetea zaidi yule ambaye tayari ana wana wa kumtetea.

Hata ule msemo wa kila tarehe 1 Oktoba, kwamba wazee ni hazina, mimi unanitia shaka. Hazina hutunzwa kwa thamani yake. Asiyekumbuka hadithi yoyote wala jina la mjukuu, je?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema walio na miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Utaratibu huo huitwa msamaha (kosa lao sijui ni lipi). Ila kwanza mzee atambuliwe kijijini kwamba kweli hajiwezi. Na watakaomtambua ni akina nani? Ni majirani, pamoja na wale wanaovuka upande wa pili wa njia wakimwona. Dawa ya macho, ambayo ingempunguzia wekundu wanaouogopa, inapitia mikononi mwao.

Zanzibar tangu mwaka 2016 humlipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la, awe na watoto au hana. Kinachoulizwa ni umri na ukaazi, si wema wake. Huku bara pensheni ya namna hiyo haijafika, na bibi wa Kwimba mwenye miaka 80 bado anahitaji mtu wa kumsemea ofisi ya kijiji.