Halima nje ya mlango

Nataka kuandika hadithi fupi ambayo msimulizi wake ni Halima, mpishi wa David Livingstone. Ninachojiuliza, kwa miezi kadhaa sasa, ni kama inafaa. Mtu aliyekufa hawezi kunipa ruhusa wala kuninyima. Je, kimya chake ni mlango ulio wazi, au ni mlango uliofungwa?

Kwanza nieleze tunachokipata juu yake. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuanzia Februari hadi mwishoni mwa Agosti. Alikuwa akisubiri wapagazi ambao Henry Morton Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Siku moja Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara ule, Ntaoeka, akatoka akaenda zake. Livingstone alienda kwa jirani, Mwarabu aitwaye Sultan bin Ali, akapeleka barua ya kumfuatilia. Haikuhitajika. Halima alirudi mwenyewe, akasimama nje. Kwa maelezo ya Livingstone, alichotaka ni bwana atoke amwambie aingie. Akatoka, akamwambia, akaongeza kwamba wasigombane tena. Kisha akampa nguo nzito ya baridi kuonyesha kuwa hana kinyongo. Katika shajara yake alimsifu sana: hodari, mwangalifu, haibi wala hamwachi mumewe aibe. Akaandika kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Sentensi hiyo ya mwisho tunaipita haraka mno. Anayeahidiwa kuachwa huru hayuko huru. Mtu tunayefundishwa shuleni kuwa alipigana na biashara ya utumwa alimpata Halima kutoka kwa mtu mwingine, na mpaka siku ile alikuwa akimpikia hivyohivyo. Sisemi hayo kumvua Livingstone joho lake. Nasema tu kwamba ahadi ile ilikuwa na mdhamini mmoja, naye alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Halima aliendelea. Alikuwemo katika msafara uliobeba maiti kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakapita hapa Unyanyembe, wakafika pwani Februari 1874. Baadaye mwaka huohuo Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakakaa na mchungaji Horace Waller wakimsaidia kuandaa shajara za bwana wao kwa ajili ya kuchapishwa. Waliulizwa mahali, siku, majina ya mito. Hivyo sauti za wanaume wawili Waafrika zimo ndani ya kitabu kile, hata kama zimechujwa. Halima, aliyekula vumbi lile lile na kupika kila kilichopikwa, hakuitwa na mtu kusimulia.

Hapo ndipo hamu yangu inapoanzia. Ninaishi Chemchem, na ukiwa mtu wa Tabora njia ya msafara haiishi kwenye kitabu. Iko kwenye miembe, kwenye majina ya watu, kwenye namna bibi zetu wanavyosema Kiswahili chenye Kinyamwezi ndani yake. Nilipokwenda kwenye tembe la Kwihara, ambalo sasa ni makumbusho, nilitazama ramani na nakala za barua kwa adabu, halafu nikauliza jiko lilikuwa upande gani. Kwangu hilo ndilo swali la kifasihi.

Sasa hoja ya kwanza dhidi yangu. Kuna msichana wa Kiyao aitwaye Swema ambaye mwaka 1865 alifikishwa Zanzibar kwa njia ya Kilwa. Mama yake alikuwa amekopa nafaka akashindwa kulipa, binti akachukuliwa, mama akafuatana naye mpaka nguvu zikamwishia njiani akaachwa afe. Swema mwenyewe alifika Zanzibar akiwa hoi, akazikwa akidhaniwa amekufa, akafukuliwa na kupelekwa kwa wamisionari Wakatoliki. Walimtibu, wakamsikiliza, na padri Horner akaandika. Mwaka 1870 kisa kilichapishwa Ufaransa na kasisi mwingine, Gaume, kikiwa kitabu cha kuwagusa Wakristo wa kule. Kinaishia kwa Swema kumsamehe Mwarabu mmojawapo wa waliomtesa, aliyeletwa misheni akiwa na majeraha. Ni mwisho mzuri sana. Uzuri wake ndio unaonipa wasiwasi, kwa sababu unafanana mno na mahitaji ya aliyeandika. Sidai kwamba Swema hakusamehe. Nasema kwamba msichana aliyelishwa, aliyevishwa na kuponywa na nyumba fulani, anapoulizwa na wenye nyumba hiyo asimulie maisha yake, anajua ni hadithi gani inayongojewa.

Visa vya Narwimba, Chisi na Meli, vilivyotoka kwenye misheni, vina tatizo lilelile, ingawa mwanahistoria Marcia Wright amevisoma kwa uangalifu mkubwa na mimi namshukuru kwa hilo. Wanawake walisimulia, wengine wakashika kalamu.

Basi, mimi nikimwandika Halima nitakuwa nafanya nini tofauti na padri? Yeye alimgeuza Swema mtakatifu. Mimi, mtoto wa karne hii, nina kishawishi cha kumgeuza Halima mwanaharakati. Ule ugomvi wa siku moja nitaupandisha cheo uwe uasi. Kutoka kwake nyumbani kutakuwa tamko. Wasomaji wenzangu watapiga makofi, kwa kuwa watamwona mtu wanayemfahamu tayari: wao wenyewe, wamejifunga kaniki.

Fikiria kwa makini siku ile. Mwaka 1872 vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilikuwa bado vinaendelea. Barabara za magharibi hazikuwa salama. Mwanamke asiye huru, asiye na msafara wala ndugu wa karibu, anatoka peke yake Kwihara: anakwenda wapi? Anaweza kukamatwa kabla ya jua kuzama na kuuzwa na mtu asiyemjua hata jina. Kwa hiyo kuondoka kule kulikuwa na gharama ambayo Livingstone, akiandika kwa upole wake wa kizee, hakuihesabu. Aliona kisirani cha mpishi. Mimi naona mtu aliyepima umbali wa kamba yake, akaenda mpaka mwisho wake, akarudi, na hata hivyo akakataa kupita mlangoni bila kukaribishwa. Kwetu mtu huja mpaka uani na kupiga hodi. Hodi ni haki ya mgeni; mtumwa habishi hodi, anaingia kwa sababu ana kazi ndani. Kwa dakika zile chache pale nje, Halima alijifanya mgeni, na bwana akatoka kuitikia.

Angalia, tayari nimeshafanya kile nilichokuwa nakiogopa. Ni tafsiri nzuri na inawezekana si kweli hata kidogo. Huenda waligombania chungu. Huenda Ntaoeka alimwambia neno kuhusu mumewe, Halima akatoka kwa hasira za kawaida, jua likamchoma, akarudi, akaona aibu kuingia. Watu wana haki ya kugombana bila ugomvi wao kumaanisha chochote, na sijui kwa nini tunawapa haki hiyo wanaume wa kwenye riwaya na kuwanyima wanawake wa kwenye historia, ambao kila wakipiga chafya lazima iwe ishara ya ukombozi.

Saidiya Hartman, katika insha yake ya mwaka 2008 kuhusu wasichana waliofia ndani ya meli ya watumwa, anaeleza jinsi alivyotamani kuandika kwamba wasichana wawili walifarijiana, kisha akajizuia. Aliona faraja hiyo ingekuwa yake yeye mwandishi. Namheshimu kwa kujizuia. Lakini sikubaliani kwamba kujizuia ndiko kunakomlinda Halima. Kwa habari zake kimya si uwanja mtupu. Mtu fulani keshajenga humo. Nikinyamaza, anayebaki akisema ni Livingstone na nguo yake nzito, na Stanley, ambaye huko Ujiji alimwona mwanamke mwenye kelele anayehangaika kwa kuwa bwana amepata mgeni. Hao hawakuomba ruhusa.

Petina Gappah wa Zimbabwe hakunyamaza. Riwaya yake ya mwaka 2019 kuhusu safari ile ya maiti imempa Halima nafasi ya kusimulia, naye anasimulia kwa mdomo mrefu, kwa masengenyo, kwa kujisifu upishi wake. Ni ya kubuni, na hakuna anayefunguliwa kitabu kile akaambiwa vinginevyo. Hapa nadhani ndipo tofauti na padri ilipo. Watoto wakisema "pakawa" baada ya kusikia "paukwa", wamekubali jambo: kinachofuata ni cha kubuni, nasi tunakitaka hivyohivyo. Msomaji wa Gaume hakuambiwa paukwa. Aliambiwa hii ni kweli, binti mwenyewe kasema. Dhambi, kama ni dhambi, haiko katika kubuni. Iko katika kuficha nani anashika mwiko.

Hata hivyo, makubaliano ya paukwa yalikuwa kuhusu sungura na fisi, si kuhusu mtu aliyekuwa na jina na mume. Martha Mvungi, katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa mwaka 1975, Three Solid Stones, alichota kutoka masimulizi ya Wahehe na Wabena na kuweka jina lake juu ya jalada. Hakuna aliyemwita mwizi, na ni sawa. Ngano ni kisima cha kijiji, kila mwenye ndoo achote. Maisha ya mtu mmoja ni chungu chake. Nikikichukua, angalau kionekane kwamba kimeazimwa.

Kwa vitendo, hilo limenibana kwenye mambo madogo. Sitampa Halima sentensi yoyote ambayo ningependa inukuliwe kwenye fulana. Sitamfanya amhukumu Livingstone kwa maneno ya karne yangu, wala sitamfanya ampende ili msomaji wa Ulaya apumue. Nitamruhusu awe mkali kwa Ntaoeka bila sababu ya kutosha. Ntaoeka naye ni kisa: Livingstone hakupenda akae bila mume kambini, akamtajia wanaume watatu achague, naye akatabasamu tu. Mwishowe aliolewa na Chuma. Tabasamu lile sitaligusa kabisa. Kuna vitu nikivifungua najua nitaweka vyangu.

Na neno "mimi" nimeliacha, angalau kwa sasa. Rasimu niliyonayo inaanzia jikoni Kwihara, mchana, Ntaoeka akisonga ugali wa mtama peke yake huku akisikia kwamba kuna mtu amesimama nje na hasemi kitu. Bwana anatoka. Wanazungumza, lakini kutoka jikoni maneno hayasikiki. Halima anaingia, anaweka nguo mpya juu ya mzigo, anachutama, anatazama ndani ya chungu, na kitu cha kwanza anachosema ni kuuliza nani ametia chumvi yote hii.